Dakika ya Sitini na Nane

Haya, tulimwacha wapi? Mlangoni! Tulimwacha Suhail mlangoni kwa Bi Kijakazi, Acocks Green, kidole kiko juu ya kengele, jasho linamtiririka mgongoni na baridi yote ile ya Desemba, na kutoka ndani anaisikia sauti ya mwanamme inasimulia, inacheka, inaigiza.

Sauti yake mwenyewe.

Wewe uliyekosa gazeti wiki iliyopita, chukua hii kwa pumzi moja. Suhail ni yule kijana anayetafsiri filamu. Za Kihindi, za Hong Kong, zote anaziwekea Kiswahili juu kama wanavyofanya Dar, anarekodi chumbani kwa shangazi yake Harborne, blanketi kichwani ili sauti isirudi. Akina mama wa Birmingham wanaijua sauti yake kuliko wanavyoijua sura yake. Lakini kuna diski moja hakumtafsiria mtu. Alipewa na Peninah, yule nesi Mkenya: filamu ya vichekesho na mapenzi, wanaume wawili marafiki wana duka la mashine za kufulia nguo, mmoja anampenda mwenzake, na mwenzake anakaribia kuoa. Suhail aliitafsiri peke yake, kwa ajili yake, kisha akaificha ndani ya kasha aliloliandika "Darsa ya Mirathi, Sehemu ya Tatu". Alijiambia, nani atakayeazima darsa ya mirathi? Tena sehemu ya tatu?

Bi Kijakazi! Mwenye kesi ya nyumba ya marehemu baba yake huko Unguja, mwaka wa kumi na moja sasa anavutana na kaka yake. Alipoliona kasha lile kwa shangazi Ijumaa, aliligombania kama kitenge cha bure.

Ndiyo maana Suhail kapanda basi namba kumi na moja bila hata kofia.

Akabonyeza kengele.

"Nani?"

"Mimi, Bibi. Suhail."

Ndani pakalipuka vifijo. Mlango ukafunguliwa, na Bi Kijakazi huyo, mfupi, mnene, kanga mbili, miwani imekaa kwenye paji la uso.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba mwanangu! Mwenyewe huyoo! Ingia, ingia, baridi inaingia kuliko wewe. Mtoto mjanja wewe! Naweka darsa nipate kujua haki yangu, natokewa na wazungu wawili wanafua nguo!"

"Bibi, hiyo si diski yako, nimekosea kasha, nimekuja kuichu..."

"Vua viatu, kaa kitako."

Sebule imejaa. Wamama sita kwenye makochi, wengine chini kwenye mkeka, sahani za visheti, chupa za chai. Na kwenye TV, Sudi na Badi. Hayo ndiyo majina Suhail aliyowapa wale wazungu, maana mtafsiri hawezi kuwaachia watu majina yasiyotamkika. Sudi ndiye mwenye kupenda. Badi ndiye asiyejua.

Suhail hakuitazama TV. Aliitazama ile mashine chini yake, tarakimu za kijani.

41.

Dakika ya arobaini na moja. Mungu wangu! Bado ishirini na saba.

Sasa nikwambieni kuna nini dakika ya sitini na nane, maana ndiyo roho yake ilipo. Kwenye dakika hiyo Sudi yuko stesheni, Badi anaondoka, na Sudi anafungua mdomo kusema alichokimeza filamu nzima. Usiku aliorekodi hapo, Suhail aliacha kutafsiri. Mdomo ulimkimbia. Badala ya Badi akasema jina la mtu. Akasema: "Mbarouk, unaikumbuka siku ya theluji Sutton Coldfield? Treni zimesimama, tumetembea mpaka vidole vyangu havina habari. Ukakaa kwenye ngazi za benki, ukavua soksi zako nyeusi, ukanivisha mimi. Mbarouk, tangu siku ile mimi ni wako, na wewe hujui." Hadithi ya soksi hajawahi kumwambia mtu. Hata Peninah haijui.

Na Mbarouk ni nani? Ni rafiki yake wa tangu walipokuwa na miaka kumi na miwili. Na ni mchumba wa Iman. Na Iman ni mjukuu wa nani?

Wa Bi Kijakazi! Posa imejibiwa wiki mbili zilizopita!

Basi Suhail kakaa kitako kwenye ukingo wa kochi, akijipa moyo. Angalau Mbarouk mwenyewe hayupo. Angalau.

"Eeeh! Msanii!"

Mlango wa jikoni ukafunguka na Mbarouk akatoka, shati la kazi la fundi umeme, chapati mkononi, mashavu yamevimba kwa chapati nyengine.

"Wewe unafanya nini hapa?" Suhail aliuliza, na sauti ikatoka kama ya paka aliyekanyagwa.

"Mimi? Si ndiye mtumwa wa nyumba hii! Bibi kaniita tangu asubuhi, mashine yake ilikuwa inakataa diski. Nimeifungua, nimeifuta, nimeijaribu, sasa inakula kila kitu."

"Mkwe wangu huyu," Bi Kijakazi alisema, "hajaoa bado, keshatengeneza boila, antena na mlango wa choo. Akimaliza paa ndiyo nampa mke."

Wamama wakacheka. Suhail akacheka pia.

42.

"Bibi," akajaribu tena, "kweli hii ni mbovu. Haijakamilika. Nipe niitengeneze, nitakuletea Jumatatu."

"Papa, usiguse!" Hiyo ilikuwa sauti ya Nabintu, jirani, mama wa Kikongo kutoka Bukavu, Kifaransa kinachungulia katikati ya maneno, mwili mkubwa, moyo mkubwa, rimoti mikononi kama Biblia. "Iko muzuri sana hii film! Minacheka tangu mwanzo. Huyu Sudi, kila asubui anapiga pasi shati ya mwenzake, mais mwenzake hata merci hasemi!"

"Wanaume ndivyo walivyo," mama mmoja akasema.

"Wote wawili wanaume, dada."

"Ndiyo. Basi mmoja ndivyo alivyo."

Kicheko kikapanda mpaka dari, na juu yake sauti ya Suhail wa kwenye TV ikisema, *Tazama mtazamaji, tazama jamaa anavyomkunjia mwenzake soksi kama anakunja noti!* Suhail wa kwenye kochi akafumba macho. Mbona alizisimulia zile soksi kwa madoido namna ile?

Simu ikatetemeka mfukoni. Ujumbe wa Peninah: "Ushaitoa? Manze Suhail, toa hiyo kitu, mi natetemeka huku wodini mpaka mgonjwa ameniuliza kama ni mimi mgonjwa."

Alijibu neno moja: "Bado."

Peninah ndiye aliyemfundisha filamu hizo. Kila mwezi analeta moja, wanaitazama pamoja kimyakimya, na Peninah keshazigundua kanuni zake: rafiki atapenda rafiki, ataumia, atafanya vituko vya kuchekesha, harusi itakaribia, atasema, atakataliwa kwa upole, na dakika tano kabla ya mwisho atatokea kijana mwengine mzuri mlangoni ili watu wasirudi nyumbani wanalia. Suhail alizipenda sana. Alicheka mpaka machozi, na mwisho machozi yakabaki bila kicheko. Lakini hakuna hata filamu moja kati ya zote iliyomwonyesha mtu afanye nini bibi wa mchumba akiwa na diski.

50.

51.

"Alasiri!" akapiga kelele mama mmoja. "Alasiri imeingia, simamisha!"

Nabintu akabonyeza, picha ikaganda, Sudi kashika shati.

Moyo wa Suhail ukaruka. Sala! Watapanda wote juu kutawadha. Sebule itabaki tupu. Sekunde kumi zinamtosha: kufungua, kutoa, kutia mfukoni, kutoka, basi, Harborne, maisha!

Akasubiri ngazi zilie. Zikalia. Mbarouk naye akapanda, anakunja mikono ya shati. "Huji, Suhail?"

"Nakuja, nafunga... natafuta..."

"Unatafuta nini?"

"Nakuja, Mbarouk!"

Sebule ikatulia. Suhail akapiga magoti mbele ya mashine. Kidole kikafika kwenye kile kitufe.

"Papa, unafanya nini?"

Akageuka. Nabintu! Kakaa palepale kwenye kochi, kikombe cha chai juu ya tumbo.

"Mama Nabintu, wewe husali?"

"Miye nimesali asubui, kanisani, saa tatu nzima, na kwaya mbili. Sasa ninachunga film. Bi Kijakazi amesema: Nabintu, usiache mutu aguse."

"Mama, nakuomba. Nakuomba kwa Mungu. Niache niitoe."

Nabintu akamtazama. Akaweka kikombe chini polepole. "Juu ya nini unatetemeka hivi? Umefanya nini?"

"Sijafanya kitu."

"Kuna kitu mbaya mbele? Watu wanavua nguo?"

"Hapana! Wallahi hapana. Hakuna hata busu."

"Alors, shida iko wapi? Enda sali mutoto wangu. Uso yako imekuwa kama ya mutu aliona polisi."

Suhail alienda kusali. Alisimama nyuma ya Mbarouk juu ya zulia la chumbani, na nawaambia, hajawahi kuomba vile tangu azaliwe. Hakuomba pesa, hakuomba pepo. Aliomba umeme ukatike Acocks Green.

Umeme haukukatika.

Wakashuka, wakakaa, chai mpya, Nabintu akabonyeza. 52. 53. Na sasa filamu ikaanza kubadilika, kicheko kikapungua. Badi anajaribu suti ya harusi na Sudi ndiye anayemfunga tai, anaifunga, anaifungua, anaifunga tena, vidole havitaki kutoka shingoni. Wamama wakanyamaza mmoja mmoja. Sauti ya Suhail kwenye TV nayo ikawa chini, kama mtu anayeongea karibu na mto wa kulalia.

Bi Kijakazi akateremsha miwani kutoka kwenye paji la uso mpaka machoni.

"Ah," alisema. "Kijana huyu anampenda mwenzake."



"Astaghfirullah," mama mmoja akanong'ona.

"Astaghfirullah tumeisikia. Nyamaza tuone. Anampenda, si unaona mikono yake? Mie mume wangu, marehemu Mwinyi, hakunifunga hata kitambaa cha kichwa namna hiyo." Akageuka. "Suhail, wewe umeifasiri ukijua?"

"Mimi... Bibi, mimi natafsiri tu. Wanachosema nasema."

"Hmm."

Hiyo *hmm* ilipita kwenye mbavu za Suhail kama bisibisi.

"Filamu ni filamu," Bi Kijakazi akaendelea. "Ndani ya TV mie namlilia, maskini ya Mungu. Lakini angekuwa kijana anayeingia mlango huu, siku hiyohiyo nabadilisha kitasa."

Wamama wakaitikia. Suhail akautazama mlango. Kitasa cha shaba, kinang'aa. Miaka kumi na miwili anakishika kitasa kile. Idi zote. Futari zote. Matanga ya mama yake yalifanyika ndani ya sebule hii, na Bi Kijakazi ndiye aliyemlisha uji kwa kijiko.

"Na huyu mwengine," Bi Kijakazi akauliza, kidole kwa Badi, "ana macho au ana vifungo? Haoni?"

"Pengine anaona, Bibi."

Mbarouk ndiye aliyesema. Kasimama kwenye fremu ya mlango, mikono mfukoni, macho kwenye TV.

"Akiona mbona hasemi?"

"Pengine anaogopa."

Chumba kizima kikamgeukia. Mbarouk akachukua kisheti, akakitia chote mdomoni, akatafuna.

60. 61.

Ngazi zikalia tena. Iman akashuka, msichana wa Birmingham kabisa, hijabu ya waridi, kitabu cha chuo kwapani, pakiti ya krispi mkononi. Iman anaelewa Kiswahili chote, kukijibu ndiyo shughuli. "What are we watching?" akauliza, akakaa juu ya mkono wa kochi, pembeni kabisa ya Suhail. "Hi, Suhail. Is that your voice? You sound so sad!"

"Mafua," Suhail akasema. "Nilikuwa na mafua."

62. Sudi anakimbia kuelekea stesheni. 63. Anaanguka kwenye dimbwi, wamama wanacheka na kulia pamoja. Suhail anahesabu kwa vidole ndani ya mifuko. Dakika tano. Nne na nusu. Atazimia? Ajifanye kazimia? Amwage chai juu ya mashine? Akainyoosha mikono kuelekea kwenye chupa.

"Bibi, hii picha inatikisika," Mbarouk akasema ghafla. "Ngoja nikaze waya."

"Iache mwanangu, iko sawa!"

Lakini keshaingia nyuma ya TV, miguu tu inaonekana. Kitu kikapiga *tak*. Mdomo wa Sudi unatembea. Sauti hakuna.

Kelele zilizotoka mle! Ungedhani nyumba inaungua.

"Mbarouk! Umefanya nini?"

"Samahani, samahani!" Akatokea na vumbi kwenye nywele. "Waya wa sauti umekufa. Umekatika ndani kwa ndani. Mwengine nilionao umebaki kwenye gari na gari liko gereji kwa Gurnam, anabadilisha breki."

"Fundi gani wewe! Yakhe, hapa hapa pazuri!"

Suhail alitaka kusujudu. Aliokolewa! Waya umekufa! Alhamdu... Akasimama kuichukua diski, na Mbarouk akaweka mkono begani kwake, akamkalisha.

"Kwani tatizo nini?" Mbarouk akasema. "Mwenye sauti si huyu hapa? Suhail, watafsirie hivyohivyo. Kama ulivyokuwa ukifanya zamani kwa shangazi, kabla hujanunua maiki."

"Haswaaa!" Bi Kijakazi akapiga makofi. "Haya! Simama pale! Sema!"

Akasimamishwa kando ya TV. Macho yote kwake. Mbarouk akakaa chini, mbele kabisa, miguu kaikunja, kama mtoto wa chuo cha Kurani.

65. 66. Suhail akaanza. Sauti ilitetemeka, kisha ikakaa. "Tazama mtazamaji... Sudi huyo anaingia stesheni, maji yanamchuruzika, anamtafuta rafiki yake..." Kazi ni kazi, mdomo ukashika njia yake. Na ghafla akaelewa kitu, mwili mzima ukapata joto: anaweza kusema anachotaka! Sauti haipo! Dakika ya sitini na nane haina meno!

67.

Behewa. Badi dirishani. Sudi mbele yake, midomo inatetemeka.

68.

Sudi akafungua mdomo. Akasema, akasema, akasema. Machozi yakamwagika mpaka kidevuni.

"Anasema," Suhail akaanza, "anasema, Badi... nimepoteza ufunguo wa dukani."



"Ufunguo?" Nabintu akauliza.

"Ndiyo. Alikuwa nao mfukoni, sasa hauonekani."

"Mwanaume analia hivi juu ya ufunguo? Mais non!"

"Na mdomo unakwenda dakika nzima?" mama mwengine akadakia. "Ufunguo gani, wa ikulu?"

"That's not what it says," Iman akasema.

Iman kanyoosha krispi moja kuelekea chini ya picha. Na kule chini, kwa herufi ndogo nyeupe, yalikuwepo maandishi ya Kiingereza, tafsiri ya lugha ya wale wazungu, yapo tangu mwanzo, ambayo hakuna mtu mle ndani aliyekuwa na haja nayo. Isipokuwa mmoja, aliyezaliwa hapa.

"Kasema nini, Iman?" Bi Kijakazi akauliza.

Iman akamtazama Suhail. Suhail akatingisha kichwa, kidogo tu, kama mtu anayefukuza nzi bila kutaka nzi ajue.

"Mwacheni Suhail aseme," Iman akajibu, kwa Kiswahili. Taratibu, neno moja moja.

"Suhail," Bi Kijakazi akasema, "mie macho yangu mabovu lakini si mjinga. Kijana yule hasemi ufunguo. Anasema nini?"

Suhail aligeukia TV, maana kule ndiko kulikokuwa salama zaidi. Alimtazama Sudi. Hakumtaja mtu. Hakutaja theluji.

"Anasema... anaogopa," akasema. "Anasema, nimekaa kimya kwa sababu nikisema nitakupoteza. Na leo nimeona nisiposema nitakupoteza vilevile. Sitaki unijibu. Sitaki ubaki. Nilitaka ujue tu kwamba kuna mtu alikuona, kila siku, hata siku ambazo wewe mwenyewe hukujiona. Basi. Panda treni."

Nabintu akapenga kamasi. Bi Kijakazi akavua miwani, akaifuta kwa kanga, akaivaa, akaivua tena.

"Yeah," Iman akasema kwa sauti ndogo. "That's pretty much it."

Suhail hakuthubutu kumtazama Mbarouk. Aliona goti lake tu. Goti halikutikisika.

Filamu ikaenda mwisho. Badi akamkumbatia Sudi akamwita ndugu yangu, akapanda treni, akaoa. Na dakika tano kabla ya mwisho, kama Peninah alivyosema, mlango wa duka ukafunguliwa na kijana mzuri akaingia na fuko la mashati machafu, anatabasamu.

"Na huyo katoka wapi?" Bi Kijakazi akafoka. "Simtaki! Mwambieni arudi kwao!"

Wakacheka mpaka wakalala. Suhail akacheka, safari hii kweli. Imekwisha. Akainama, mkono ukaenda kwenye mashine.

"Leave it," Iman akasema. "Niachie, Suhail. Nataka kuiona tena. With the sound on."

Mkono ukabaki hewani.

"Ya nini?" akauliza.

"Nataka kusikia ulivyosema mwanzo. Before the keys." Alikuwa anatabasamu, lakini macho yake hayakuwa yanatabasamu. Yalikuwa yanasoma.

"Haifai tena," Mbarouk akasema. Keshaifungua, keshaitoa, kaishika kwa ncha za vidole chini ya taa, anasikitika kifundi. "Mashine imeikwaruza yote. Tazama. Samahani Iman, nitakutafutia nyengine."

"Let me see."

"Imekwisha hii. Twende Suhail, nikusindikize kituoni, kiza kinaingia."

Nje, magharibi ya saa kumi, ile inayokuangukia hujamaliza hata chakula cha mchana. Walitembea mpaka madukani. Mbarouk alikuwa kabeba furushi la foili, chapati kutoka kwa Bi Kijakazi. Moyo wa Suhail ulikuwa umeanza kurudi mahali pake, pole pole, kama mtu anayeingia nyumbani kachelewa. Waya umekufa. Diski imekwaruzika. Iman atasahau. Kila kitu kitakuwa kama jana.

"Umesema vizuri leo," Mbarouk akasema.

"Nimetafsiri tu."

"Ndiyo. Umetafsiri vizuri."

Namba kumi na moja ikatokea, taa mbili za njano. Mbarouk akampa furushi. Suhail akapanda, akaonyesha pasi yake, na alipolishika lile foili vizuri akahisi ndani kitu kigumu, bapa, chenye pembe nne. Akalifunua kidogo. Darsa ya Mirathi, Sehemu ya Tatu. Akalifungua kasha chini ya taa ya basi, akaigeuza diski hivi, akaigeuza vile.

Nyororo kama kioo. Hakuna hata mkwaruzo mmoja.

Akainua macho. Mbarouk bado kasimama pale chini, mlango wa basi uko wazi, mikono kaitia kwenye mifuko ya jaketi. Na kwenye mfuko wa kulia, zinachungulia ncha mbili za waya, moja nyekundu, moja nyeupe. Waya wa sauti. Mzima, umekunjwa vizuri.

*Nimeifungua, nimeifuta, nimeijaribu.* Tangu asubuhi! Kwa diski hii hii!

"Mbarouk," Suhail akasema, na halikutoka hata nusu ya jina.

Dereva akabonyeza, milango ikaanza kujifunga.

"Hazikuwa nyeusi!" Mbarouk akapaza sauti. "Zile soksi, Suhail! Zilikuwa za buluu!"

Milango ikakutana. Suhail akaruka kwenye dirisha auone uso wake, aone kama ni hasira, kama ni kicheko, kama ni nini, akafuta kioo kwa kiganja, akafuta tena, lakini pumzi zake mwenyewe zilikuwa zimekifunika chote.